Bastola Iliyostaafu

Salaam takum nyote mlio Juba jioni hii. Nawasalimu mlioko Konyo Konyo mnaofunga vibanda, mlioko Gudele na Munuki mnaongoja chakula kiive, nanyi madereva mlioegesha malori baada ya kuimaliza barabara ya Nimule. Najua wengi wenu Kiswahili mlikipata Kakuma, au Nairobi, au Kampala, mkarudi nacho nyumbani pamoja na magodoro na masufuria. Karibuni tukae pamoja kwa robo saa.

Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo sana. Kinaenea kwenye kiganja, na uzito wake haufiki kilo moja. Kiarabu chetu cha Juba kinakiita musadas, neno lililotoka kwenye hesabu ya sita, kwa kuwa zile za zamani zilichukua risasi sita kwenye gurudumu lake. Waswahili wanakiita bastola. Swali langu la leo ni moja, nami nitalirudia mara kadhaa ili tusipoteane njiani: kwa nini watu huipenda bastola ndogo ya zamani? Sisemi kuihitaji. Nasema kuipenda, jinsi mtu anavyoipenda saa nzuri ya mkononi, au redio ya mbao aliyoachiwa na babu yake.

Niwasimulie kisa kidogo kwanza.

Juzi nilikuwa nimekaa kwa mama mmoja wa chai, chini ya mwembe, kando ya barabara. Viti vya plastiki, meza ndogo ya chuma, chai ya tangawizi. Akaja kijana wa miaka kama thelathini, shati limepigwa pasi. Alipoketi akahisi kitu kinamchoma ubavuni, akapandisha shati kidogo, akachomoa bastola, akailaza mezani kando ya simu na funguo za gari. Hakuwa na nia ya kumtisha mtu. Ilikuwa inamuumiza, akaitoa, basi. Yule mama hakusema neno. Alinyoosha mkono akausogeza mkebe wake wa sukari, polepole, mpaka ukingoni mwa meza. Kisha akaisogeza na bilauri yangu.

Karibu nami walikuwako vijana wawili wa bodaboda. Wakayaacha mazungumzo yao ya mpira. Mmoja akanong'ona, "Makarov hiyo." Mwenzake akabisha, "Ceska." Jina hilo la pili amelipata Kenya bila shaka, maana huko haipiti wiki bila taarifa ya habari kutaja bastola aina ya Ceska. Wakabishana kwa minong'ono, kama watu wanavyobishana juu ya magari. Yule wa kwanza ndiye aliyeshinda: kitako kilikuwa cha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na katikati yake nyota. Makarov. Nikawatazama macho. Macho yale nayajua, kwa kuwa nami niliwahi kuwa nayo.

Nilipokuwa mtoto wenzangu walifinyanga ng'ombe wa udongo, ng'ombe wenye pembe ndefu za kupinda, kama watoto wa kwetu wanavyofanya mpaka leo. Mimi nilifinyanga bastola. Nikaikausha juani siku nzima, nikaichomeka kiunoni kwenye kamba. Nilipokaa chini ikavunjika vipande viwili, nikalia mpaka mama akadhani nimeumwa na nge. Kwa hiyo, ndugu zangu, vijana wale sitawasuta. Nataka tu tuelewane wanachokipenda ni nini hasa.

Tuanze na uzuri wenyewe, maana uzuri upo, na mtu akikuambia haupo hatakuwa amekuambia kweli.

Palikuwa na fundi mmoja wa Marekani, John Moses Browning, aliyezaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah. Baba yake alikuwa fundi wa bunduki, na mtoto akakulia kwenye karakana, katikati ya vyuma. Alipokuwa mtu mzima mawazo yake mengi aliyapeleka Ubelgiji, kwenye kiwanda kinachoitwa FN, pale Herstal, karibu na Liège. Huko ikatoka bastola inayojulikana kwa mwaka wake, 1910. Sasa nisikilizeni kwa makini, hapa ndipo penye utamu. Ndani ya bastola ya namna hii kuna springi inayorudisha chuma cha juu mahali pake kila baada ya risasi. Mafundi walikuwa wakiipa springi hiyo nafasi yake peke yake, juu au chini ya mtutu, na bastola ikanenepa. Browning akaizungusha springi kwenye mtutu wenyewe, kama mtambaazi unavyozunguka mti. Bastola ikakonda. Kila kilichochongoka akakilainisha, kwa sababu ilikusudiwa kukaa mfukoni na isinase kwenye nguo. Ukiiona unaweza kudhani ni kokoto iliyosuguliwa na mto.

Huyo Browning alifia kazini, kwenye kiwanda hicho hicho, Novemba 1926. Jina lake likawa neno. Wafaransa na Warusi wakawa wanasema "browning" wakimaanisha bastola ya aina yoyote, kama sisi tunavyoita kila sabuni ya unga Omo.

Wazo lile likatembea. Mwaka 1929 kiwanda cha Walther, katika mji mdogo wa Zella-Mehlis, Ujerumani, kikatoa bastola ya PP, na miaka miwili baadaye ikafuata ndugu yake mfupi, PPK, ambayo wengi wenu mmeiona kwenye sinema za James Bond. Nayo springi yake imezunguka mtutu. Vita vya pili vikaisha, na Mrusi mmoja, Nikolay Makarov, akaunda bastola kwa muundo unaokaribiana sana na wa Walther, lakini rahisi zaidi, yenye vipande vichache, inayostahimili matope na baridi. Jeshi la Kisovieti likaipokea mwaka 1951. Ina uzito wa gramu 730 na inachukua risasi 8. Kutoka huko ikaenda kila mahali Wasovieti walikokuwa na marafiki, na rafiki mmoja mkubwa alikuwa jirani yetu, Ethiopia ya Mengistu.

Mnaona safari hiyo? Ogden, Herstal, Zella-Mehlis, Urusi, Ethiopia, na hatimaye meza ya mama wa chai hapa Juba. Mtu anayependa bastola za zamani anaipenda safari hiyo. Akiishika moja anaona mkono wa fundi ndani yake, na mkono wa fundi aliyemtangulia fundi huyo. Mapenzi haya ni ya kweli, wala hayana damu. Anayeijua mashine ya cherehani ya Singer mpaka sindano yake anayaelewa.

Lakini tulirudie swali letu. Kwa nini watu huipenda bastola ndogo *ya zamani*? Kwa nini ya zamani, wakati za kisasa ni nyepesi na zina risasi nyingi?

Jibu langu ni hili: kwa sababu imestaafu. Chombo kikiisha kumaliza kazi yake, mtu anaweza kukitazama kwa utulivu. Nitasema tena: imestaafu. Shikeni neno hilo.

Twende Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Kijana wa miaka kumi na tisa, Gavrilo Princip, anafyatua risasi mbili. Anamuua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie. Bastola aliyokuwa nayo ilikuwa ile ile nyembamba ya Browning, ya 1910. Mapadri Wajesuti waliihifadhi kwa miaka mingi, na mwaka 2004 wakaitoa kwa jumba la makumbusho ya kijeshi la Vienna. Iko hapo. Karibu nayo kuna gari alilopanda marehemu na koti lake lenye madoa ya damu. Watoto wa shule wanapelekwa kuitazama.

Mtaniuliza, Sarajevo inatuhusu nini sisi? Inatuhusu sana. Siwezi kusema bastola moja ndiyo iliyoleta vita vya kwanza vya dunia; wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha kujipanga. Lakini zile risasi mbili ndizo zilizofungua mlango, na vita vikafika mpaka Afrika Mashariki, Mjerumani huku na Mwingereza kule. Waingereza wakawakusanya watu wetu maelfu kwa maelfu kubeba mizigo vichwani, wakakiita kikosi chao Carrier Corps. Walikufa wengi sana, kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa na uchovu. Na jina la kikosi hicho likageuka ulimini mwa Waswahili likawa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo ya Dar es Salaam, soko mnalolijua, na Kariokor ya Nairobi, ambako baadhi yenu mliwahi kununua viatu na vikapu. Ukipita pale unakanyaga palipokuwa kambi ya wapagazi. Kile chuma kimekaa kimya kwenye kioo Vienna, na mwangwi wake upo sokoni kwetu.

Kwa hiyo bastola iliyostaafu haiwi kitu kitupu. Inabeba habari zake. Na raha ya kuitazama ni kwamba habari hizo zimeisha, hazikuandami tena.

Watu wa pwani na wa Oman wana mfano mzuri zaidi kuliko huu wangu, na ninaupenda mno. Jambia. Mmeliona? Kisu kilichopinda, ala yake imefumwa kwa nyuzi za fedha, limefungwa kiunoni juu ya kanzu nyeupe. Zamani lilikuwa silaha. Leo bwana harusi wa Muscat hulivaa siku ya ndoa yake, na hakuna anayesogeza mkebe wa sukari. Limewekwa mpaka kwenye nembo ya taifa ya Oman. Kiuno ni kile kile, mahali ni pale pale, lakini kisu kimestaafu na kila mtu anajua hivyo.

Na wako walio katikati. Kenya, kule Kirigiti katika Kaunti ya Kiambu, kuna uwanja wa kulenga shabaha ambako raia wenye leseni hukutana kushindana. Daktari, mwanasheria, mfanyabiashara. Wana masharti yao ya kuhifadhi na ya kubeba, na silaha ya mtu inajulikana ni ya nani. Hao nao ni wapenzi, na sina ugomvi nao.

Sasa tuje karibu na moyo wa jambo. Kuna bastola moja katika historia ya Afrika Mashariki ambayo kila nikiifikiria nanyamaza kidogo. Oktoba 21, mwaka 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau wa Kenya, alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua. Wapiganaji wake wengi walikuwa na bunduki za kujitengenezea, mtutu ni bomba la maji, kufuli ni komeo la mlango lililofungwa kwa mpira. Kimathi mwenyewe alikutwa na bastola ya Webley Scott, silaha ya Waingereza, na risasi sita. Alipopelekwa mahakamani Nyeri hakushtakiwa kwa kuongoza vita dhidi ya dola. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ile na risasi zile. Kwa kosa hilo, chini ya sheria za hali ya hatari, akahukumiwa kifo, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Kwa nini kiongozi wa msituni alibeba bastola, na wenzake mabomba ya maji? Hapa ndipo tunapokutana na mapenzi ya aina ya pili, ndugu zangu, na haya ndiyo ya Juba. Katika majeshi yote yaliyopita kwetu, ya Mwingereza, ya Khartoum, ya msituni, bunduki ndefu hubebwa na anayetumwa. Bastola hubebwa na anayetuma. Askari walioasi Torit tarehe 18 Agosti 1955 walikuwa watu wa bunduki, na juu yao walikuwa maofisa wa bastola. Mwaka 1983 vita vilipoanza tena Bor, mpangilio ulikuwa ule ule. Mtoto wa kijijini aliona hivyo, mwanawe akaona hivyo, mjukuu akaona hivyo. Miaka sabini ya kuona hivyo! Bastola kiunoni ikawa inasema: mimi situmwi.

Kwa hiyo tukilirudia swali letu mara ya tatu, jibu linagawanyika. Mpenzi wa bastola wa Liège au wa Kiambu anaipenda kwa ilivyoundwa. Kijana wa Juba anaipenda kwa inachokisema juu ya aliyeivaa. Wale vijana wa bodaboda, siku nzima wanatumwa. Nipeleke Jebel, nipeleke Custom, ngoja hapa, pesa hiyo hiyo inatosha. Wakiiona Makarov juu ya meza, wanaona maisha ambamo mtu hakuambii "ngoja hapa". Nawaelewa kabisa, na naumia kwa ajili yao, kwa sababu wanachokitamani ni heshima, na heshima ya mtu haistahili kutegemea chuma cha gramu 730.

Wengi wenu mmetambua kwamba ile ya kwenye meza ya chai haikuwa ya zamani kwa maana niliyoieleza. Miaka ilikuwa nayo, pengine imemzidi umri aliyeivaa. Lakini haikustaafu. Ilikuwa kazini. Sheria ya silaha tunayo, ya mwaka 2016, na iko ofisi ya serikali ya usalama wa jamii na udhibiti wa silaha ndogo ndogo. Hata hivyo nyinyi na mimi tunajua usiku wa kuamkia mwaka mpya unavyokuwa mjini hapa. Watu wanafurahi, mikono inanyooshwa juu, na risasi zikipanda lazima zishuke. Tunawalaza watoto sakafuni, tunasikiliza mabati. Je, ni nani kati yenu asiyewahi kulala hivyo?

Sasa nimalizie na mzee mmoja wa Kator. Jina lake silitaji, ameniomba nisilitaje. Alisikia kwamba naandaa mazungumzo haya, akaniita nyumbani kwake. Nilimkuta barazani na wajukuu. Akawatuma wote, mmoja dukani, mwingine kisimani, mwingine kwa jirani, mpaka tukabaki wawili. Kisha akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha kitenge kilichofungwa fundo.

Alikifungua polepole. Makarov. Weusi wa chuma umefutika pale kwenye kingo, pameng'aa kama sarafu ya zamani. Ile nyota ya kitakoni imesuguliwa mpaka pembe zake zimekuwa duara. Alikwisha kutoa risasi zote, akanionyesha mara mbili kwamba haina kitu, kisha akaniwekea mkononi. Ilikuwa baridi. Nawaambia ukweli wangu, mikono yangu ilifurahi. Yule mtoto wa bastola ya udongo alikuwa bado yumo ndani yangu.

Mzee akaniambia, "Mwanangu, nilipewa hii Bonga, Ethiopia, mwaka 1987." Akanionyesha kipete kidogo nyuma ya kitako. Pale, alisema, alipitisha kamba ya kiatu mwaka 1991, Mengistu alipoanguka na watu wakakimbia kurudi huku. Walipoufikia mto Gilo aliivaa shingoni akaogelea. Watu walizama kulia kwake na kushoto kwake. Yeye alivuka. Viatu vilipotea, bastola haikupotea.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini umeniita?"

Akasema, "Wajukuu wangu wameanza kuulizana itakuwa ya nani."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Kuku alipita kati yetu.

Kisha akaniuliza swali ambalo nimekuja nalo hapa studio. Alitaka kujua kama Juba kuna mahali mtu anaweza kuikabidhi bastola, ikavunjwa moyo wake isifyatue tena, ikawekwa kwenye kioo, na pembeni yake ikaandikwa habari yake. Hakutaka iyeyushwe tu. "Wakiiyeyusha," alisema, "na Gilo itakuwa imeyeyuka." Hakutaka irithiwe. Hakutaka iuzwe. Alitaka istaafu, kama yeye.

Wasikilizaji wangu, nchi hii nyaraka zake za serikali, karatasi za tangu enzi za Waingereza, ziliwahi kukaa miaka kwenye hema. Hema la turubai, hapa hapa Juba, mpaka watu wenye mapenzi wakaanza kuzipanga na kuzinusuru. Walianza na karatasi, na nadhani walifanya vyema. Nilimwambia mzee nitauliza kuhusu bastola. Nimeshauliza sehemu mbili na bado naendelea. Nawe unayenisikiliza, kama una jibu, au kama nyumbani kwako kuna kitambaa kilichofungwa fundo kama kile, tuletee habari hapa kituoni. Habari, tafadhali, si kitu chenyewe.

Kabla sijaondoka barazani mzee aliomba kalamu. Hakuandika yeye, alinisomea nami nikaandika, kwenye ukurasa uliochanwa daftarini mwa mjukuu. Mistari minne. Mahali alipopewa. Mwaka. Mto. Na wa nne ni majina ya vijana watatu waliokuwa nyuma yake majini, ambao hawakutokea ng'ambo. Karatasi hiyo ninayo hapa mbele yangu, kando ya maikrofoni.